Kijana wangu anakwenda kusoma Kagoshima, Japani. Mliokaa kule, maisha ya kila siku yakoje?

MamaNasra (Lindi)

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mama, nakaa Lindi mjini, Mtanda. Kijana wangu amepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Japani, mambo ya uvuvi. Chuo kiko mji unaitwa Kagoshima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu. Anaondoka mwisho wa Septemba. Viza imetoka, tiketi amekatiwa, upande wa karatasi sina wasiwasi.

Wasiwasi wangu ni maisha yenyewe. Kila ninayemuuliza ananijaza lake. Shemeji yangu anasema kule unaweza kumaliza mwaka jirani hajakusalimia. Jirani anasema wanakula samaki wabichi, mtoto atarudi mifupa mitupu. Mwingine amenionyesha video ya mtaa ambao hata karatasi ya pipi haipo chini, akamaliza kwa kusema wale wameumbwa tofauti na sisi. Mtoto huyu nimemlea kwa hodi na shikamoo, swala tano hazimpiti, na baridi anayoijua ni ya upepo wa kusi mwezi wa saba.

Naomba mtu aliyeishi kule, si aliyepita kutembea, anieleze siku ya kawaida. Mtu anaamka, anatoka, ananunua chakula, anaumwa, anakaa na watu. Nataka nimwandae mtoto kwa mambo ya kweli.


KijanaWaShangani (Mtwara)

Hongera sana mama. Mimi sijafika, nazungumza kwa nilichosoma na kutazama. Wale nidhamu iko kwenye damu. Mechi ikiisha mashabiki wao wanaokota taka jukwaani, tumewaona Kombe la Dunia kule Qatar 2022. Sisi hapa soko likifungwa jioni tazama linavyobaki. Aende akafaidi, ila akirudi asitegemee kubadilisha kitu, maana hatukuzaliwa hivyo.


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Shikamoo mama. Hongera kwako na kwa mdogo wangu, maana namhesabu mdogo wangu tayari. Kagoshima ndiko nilikosoma, kitivo hichohicho cha uvuvi, kampasi ya Shimoarata. Nimezaliwa Msangamkuu, sasa niko Mtwara mjini nafanya kazi na wavuvi. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Nianze na mlima, kwa kuwa ndio utakaompokea. Mbele ya mji, ng'ambo ya ghuba, kuna volkano inaitwa Sakurajima, na iko hai. Pantoni inavuka kwa dakika 15 hivi, mchana na usiku, na mtu aliyezoea kuvuka Kitunda au Msangamkuu hatajiona mgeni humo: magari chini, abiria juu, watu wanawahi kula bakuli la tambi za moto kabla chombo hakijagusa upande wa pili. Mwaka 1914 mlima ule ulilipuka, lava ikajaza mkondo wa bahari na kisiwa kikaungana na nchi kavu ya ng'ambo. Mpaka leo unatoa moshi, na upepo ukielekea mjini majivu yanashuka juu ya mapaa. Utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni unataja upepo wa juu ya mlima unavuma kuelekea wapi, na watu wanaamua waanike nguo nje au ndani. Watoto wanaoishi chini ya mlima wenyewe wanakwenda shule wamevaa kofia ngumu.

Majivu yale si laini kama ya jikoni. Ni mchanga mweusi, mwembamba, unaingia kwenye reli za madirisha, unakwaruza miwani, na ukiumwagia maji kabla ya kuufagia unakuwa tope zito linaloziba mtaro. Sasa tazama wanavyofanya. Manispaa inagawa bure mifuko ya njano, mahususi kwa majivu. Asubuhi ya pili kila mtu yuko mbele ya mlango wake na ufagio: mwenye duka la mkate, mzee aliyepinda mgongo, mwanafunzi. Wanajaza, wanafunga, wanapeleka mahali palipotengwa kwa majivu tu, gari linakuja kubeba. Barabara kubwa zina magari yake ya kufagia. Lakini mlango wako ni wako, na hakuna atakayekuja kukufagilia.

Kijana wa Shangani, ndugu yangu, hapa ndipo ninapopishana nawe, na nasema hivi kwa dhati kabisa. Damu haishiki ufagio. Nilichokiona kule ni zamu.

Kila mtaa una kituo chake cha taka, na kila aina ya taka ina siku yake: zinazoungua, plastiki, makopo na chupa, magazeti na maboksi. Chupa ya maji inaoshwa, kifuniko kinatolewa, karatasi ya jina inabanduliwa. Mfuko lazima uonyeshe kilichomo ndani. Juu yake wanafunika wavu, kwa sababu kunguru wa kule wakipata upenyo wanasambaza mfuko mzima barabarani. Gari likishapita, yuko mtu wa zamu, si mfanyakazi wa manispaa, ni jirani. Anatoka na ufagio na ndoo, anasafisha pale, anaukunja ule wavu na kuuning'iniza. Wiki inayofuata zamu inahamia mlango wa pili.

Na wanajuaje zamu ya nani? Kuna ubao mdogo wenye klipu unaozunguka nyumba kwa nyumba. Juu yake kuna matangazo: siku ya kuzibua mitaro, mazoezi ya tetemeko la ardhi, mchango wa ngoma ya kiangazi. Unasoma, unatia sahihi au muhuri wako, unaupeleka mwenyewe mlango unaofuata. Ukiulalia ubao ndani kwako, nyumba zote zilizo mbele yako hazipati habari. Mpaka leo, zama hizi za simu, mitaa mingi bado inazungusha ubao. Nilikuwa napenda siku ya ubao, kwa sababu ilinilazimu kubonyeza kengele ya mtu na yeye kunifungulia.

Asubuhi vilevile, kwenye vivuko vya barabara karibu na shule, wanasimama wazee wastaafu na vibendera vya njano wanavusha watoto. Watoto wa darasa la kwanza wanakwenda kwa miguu bila mzazi, wamevaa kofia za njano, mabegi magumu mgongoni. Wageni wengi wanapiga picha ya mtoto. Mimi nilikuwa namtazama mzee mwenye kibendera. Mvua ipo, yeye yupo.

Kuna siku nilialikwa shule ya msingi kuzungumzia Tanzania. Baada ya chakula cha mchana, ambacho watoto wenyewe walipakuliana wakiwa na aproni nyeupe, muziki ulipigwa na shule nzima ikaanza usafi. Wanapanga mstari, wanainama na vitambaa vya maji, wanadeki ukumbi kwa kukimbia. Nikajiuliza, sasa hapa kigeni ni nini? Si sisi tulikwenda shule na fagio la chelewa na dumu la maji? Tulifagia kiwanja, tulideki madarasa, tulipalilia. Tofauti niliyoiona ni kwamba mwalimu naye alikuwa amepiga magoti na kitambaa chake. Kwetu usafi ulikuwa pia adhabu: aliyechelewa adeki, aliyeongea darasani akasafishe choo, mwalimu amesimama. Mtoto aliyefundishwa kwamba ufagio ni wa mkosaji, akikua ataushika kwa hiari lini? Hilo linanikera tangu siku ile, na ni jambo ambalo walimu wetu wangeweza kulibadilisha Jumatatu ijayo bila bajeti.

Tuje kwenye salamu. Shemeji yako mama hajasema uongo, ila hajamaliza. Ni kweli kwenye tramu na treni hakuna maongezi ya simu, watu wamenyamaza, na mtu akikaa karibu nawe hakuulizi unatoka wapi. Hodi haipo. Unabonyeza kengele, tena humwendei mtu bila kumwarifu. Dukani wahudumu wanamkaribisha kila anayeingia kwa sauti, na wala hawategemei ujibu. Kwa mtu wa pwani ya kusini, aliyezoea kusimama njiani kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, wiki za mwanzo zinauma.

Dawa yake ni kuanza yeye. Wana desturi kwamba anayehamia ndiye anayekwenda kujitambulisha kwa majirani wa pembeni, wa juu na wa chini, na kitu kidogo mkononi, biskuti au taulo. Wengi siku hizi, hasa vijana wa mijini, wameiacha. Mimi niliifanya. Chini yangu alikuwa anaishi mama mmoja mjane. Hakunialika ndani, aliinama, akachukua, akafunga mlango. Baadaye nikakuta bakuli lenye figili za chumvi limeachwa mlangoni kwangu na karatasi imeandikwa pole pole kwa herufi za watoto ili niweze kuisoma. Figili za Sakurajima, mama, ni ajabu ya Mungu. Iliyoingia kwenye rekodi za dunia mwaka 2003 ilikuwa na kilo 31.1. Bakuli nikalirudisha na vitumbua, nazi ya kopo inapatikana. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, na kwao vivyo hivyo. Bakuli lile likawa linapanda na kushuka ngazi mpaka nilipoondoka.

Kuhusu samaki. Hapa ruhusa nizungumze kama mtoto wa mama aliyekwenda pweza kila bamvua. Kwetu maji yakipwa unakwenda mwambani, unamchokoa pweza kwenye jiwe lake, ukimpata unampiga mpaka alainike. Kule dukani anauzwa amekwishachemshwa, rangi nyekundu inayoelekea zambarau, mguu mmoja kwenye trei, na lebo inasema ametoka nchi gani. Mara nyingi nilikuta Mauritania au Moroko, maana bahari yao haiwatoshi. Nilimtazama mpishi mmoja akimwandaa mbichi. Hakumpiga. Alimmwagia chumvi akamsugua, miguu, vikombe vya kunyonyea, chini ya kichwa, mpaka ute ukatoka povu la kijivu, akasuuza, akarudia. Kisha akamshika kichwa, akatumbukiza ncha za miguu kwenye maji yanayochemka, akainua, akatumbukiza tena, ili miguu ijikunje sawasawa, halafu ndipo akamwachia wote. Kumkata, alitikisa kisu huku anashuka, kipande kikatoka na mawimbi, ili mchuzi wa soya upate pa kushika na vijiti visiteleze. Kazi yote ile kwa mguu wa pweza! Nilisimama pale nikiwafikiria mama zetu wanaouza pweza mwaloni kwa bei ya kutupa kwa sababu barafu hakuna.

Samaki mbichi yupo, mtamu, na salama anaponunuliwa sehemu inayomuuza kwa kazi hiyo. Halazimishwi mtu. Majumbani wanachoma sana, chumvi tu na moto. Samaki mkubwa wanamuua papo hapo kwa kumchoma ubongo, wanamtoa damu, wanamtia kwenye maji ya barafu, na nyama yake inakaa siku nyingi bila kubadilika. Mwambie mdogo wangu asome vitabu vyote, lakini hilo aende akalione kwa macho sokoni alfajiri, amwombe mzee mmoja amfundishe mkono wake. Huo ndio ujuzi tunaouhitaji Msimbati, Kilwa na hapo kwenu Lindi.


Fundi_Chikongola (Mtwara)

Dada umeandika vizuri mno. Mimi ni fundi magari, kila siku nafungua Noah na Probox za kutoka huko. Kwenye nguzo ya mlango nakuta kibandiko cha kubadilisha oili, kina tarehe na kilomita, mwenye gari hakuruka hata mara moja. Swali langu: gari limetunzwa namna hiyo, kwa nini waliachie? Na tarehe zenyewe huwa sizielewi, kibandiko kinasema mwaka 24, wa 24 gani?


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Kaka fundi, kule gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, ni sheria. Kila ukaguzi unakusanya kodi, bima ya lazima na matengenezo, pesa inakuwa nyingi, na gari likishazeeka mwenyewe anaona bora alibadilishe kuliko kulilipia tena. Ndiyo maana linakufikia bado zima. Mjini mtu anatakiwa pia aonyeshe ana sehemu ya kuliegesha kabla hajaandikishwa kulimiliki.

Miaka wanahesabu kwa utawala wa mfalme wao mkuu. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo Heisei 24 ni 2012. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza Mei 2019, ndiyo Reiwa 1. Mama, na mtoto azijue hizi, fomu za ofisi ya mji zitamuuliza tarehe ya kuzaliwa kwa hesabu hiyo.


MamaNasra (Lindi)

Marahaba mwanangu. Nimesoma mpaka machozi. Nisaidie na haya: chakula cha halali, swala, choo (nimesikia Ulaya ni karatasi tu), baridi, na akiumwa je?


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Naanza na choo kwa sababu ndilo jibu la furaha. Vyoo vingi vya kule, vya nyumbani, dukani, hata vya stesheni, vina kitufe. Ukibonyeza maji ya uvuguvugu yanakuja yenyewe ya kujisafishia. Kampuni ya TOTO ilianza kuviuza mwaka 1980 na sasa ni kitu cha kawaida. Wakati wa baridi hata kiti kina joto. Kwa Mwislamu ni rehema.

Chakula kinataka macho. Nguruwe hajifichi kwenye nyama tu: yuko kwenye supu ya tambi za pakiti, kwenye mafuta ya kukaangia, kwenye jelatini ya peremende. Pombe ya mchele wanaitia kwenye michuzi mingi. Kabla hajapanda ndege ajifunze kuzitambua herufi mbili kwenye pakiti, ya nguruwe na ya pombe: 豚 na 酒. Hizo mbili zitamlinda zaidi ya maelezo yangu yote. Nyama ya halali inaagizwa mtandaoni, inaletwa mlangoni imegandishwa. Mayai, maharage ya soya, mboga, viazi vitamu vya Kagoshima ambavyo ni sifa ya mkoa wao, samaki, wali: hatalala njaa. Wali wao unashikana, ataupenda na mchuzi wa nazi akijipikia. Jioni, duka likikaribia kufunga, mhudumu anapita akibandika karatasi za nusu bei kwenye samaki na vyakula vilivyopikwa siku hiyo. Wanafunzi wote tuliijua saa hiyo.

Swala, wanafunzi Waislamu wanatafutana, atapata wenzake wa Indonesia, Malaysia, Bangladesh. Msikiti wa Fukuoka ulifunguliwa 2009, kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Uislamu kule si wa jana, msikiti wa Kobe ulijengwa 1935. Juni alfajiri inaingia mapema sana, alamu iwe karibu. Mabafu ya mtaani ya Kagoshima yanatumia maji ya moto yanayotoka ardhini, wanaume na wanawake mbalimbali, lakini watu wanaoga uchi mbele ya wenzao. Hilo ataamua yeye na dini yake. Nyumbani kwake bafu litakuwepo.

Baridi ya Kagoshima ni ndogo kuliko ya Tokyo, Januari alfajiri inashuka karibu nyuzi 5, ila nyumba zao nyingi hazishiki joto, ndani unaona pumzi yako. Asibebe makoti kutoka hapa. Wanafunzi wanaomaliza wanaacha vitu, majaketi, majiko, baiskeli, na maduka ya mitumba yapo. Kiangazi kitamkumbusha Lindi kwa jasho, halafu vimbunga. Simu yake italia kwa kelele tetemeko likikaribia, asiogope sauti, aingie chini ya meza.

Akiumwa: ndani ya siku 14 tangu apate makazi anajiandikisha ofisi ya mji, hapohapo anaingia bima ya afya ya taifa. Baada ya hapo hospitali analipa asilimia 30 ya gharama. Gari la wagonjwa ni 119, polisi 110. Akitaka kibarua, mwanafunzi lazima aombe kibali, na mwisho ni saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Asizidishe, viza inaweza kumponyoka.


Mkulima_Ruangwa (Lindi)

Dada, naomba nichomeke. Tunaambiwa mnadani kwamba ufuta wetu unakwenda Japani. Ni kweli umeuona huko au ni maneno ya wanunuzi?


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Ni kweli kaka. Japani inakula ufuta mno na karibu wote inaununua nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Ufuta uko juu ya wali, kwenye mchicha uliochemshwa, kwenye mchuzi wa saladi, kwenye mafuta ya kukaangia. Wana kibakuli cha udongo chenye mikwaruzo ndani, wanausaga kwa mti mezani palepale, harufu inajaa chumba. Pakiti nyingi haziandiki shamba wala mkoa, lakini mimi kila nilipousikia ule mnuko nilikuwa nauona mnada wa stakabadhi ghalani na foleni ya magunia.

Nikuambie jambo la maana zaidi kwako. Tangu 2006 wana sheria ya mabaki ya viuatilifu kwenye chakula: dawa ambayo haijawekewa kiwango chake, mwisho ni sehemu 0.01 kwa milioni. Ni kidogo sana. Mzigo ukizidi unakataliwa bandarini. Kwa hiyo yule anayewauzia dawa ya wadudu isiyo na lebo, na yule anayepulizia ufuta ukiwa umekaribia kuvunwa, anawaharibia soko wote. Liseme hili kwenye mkutano wa AMCOS yenu, chama chenu cha ushirika, tafadhali.


KijanaWaShangani (Mtwara)

Dada, la ufagio kuwa adhabu limenigusa, mimi nilideki choo cha shule kwa kuchelewa, na nyumbani nilikuwa nakataa kufagia. Nakubali. Lakini nijibu na hili: mbona tunasoma kwamba kule watu wanafia ndani peke yao? Hizo zamu hazikuwasaidia?


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Ni kweli kaka, wapo, na ni huzuni kubwa. Karibu watu 3 katika kila 10 wa Japani wana miaka 65 au zaidi, watoto wamehamia miji mikubwa, na mzee anabaki na nyumba. Ukiingia dukani utaona: nusu kabichi, karoti moja kwenye mfuko, kipande kimoja cha samaki, wali wa kupasha wa mtu mmoja. Duka limejipanga kwa mtu anayekula peke yake. Wengine wanasifu kwamba ni urahisi. Mimi ilinibana kifua kila mara.

Zamu zinasaidia kwa kiasi chake. Mzee ambaye hakutoka na taka siku yake, ubao ukakwama kwake, jirani ataenda kubonyeza kengele. Lakini heshima yao ya kutomsumbua mtu ina gharama: wanaweza kukaa na shida ndani kwa sababu kuomba ni kumtwisha mwingine. Kwetu mtu akiumwa ukumbi unajaa. Hapo sikuona sababu ya kujifunza kwao, na niliwaambia wenzangu wa maabara hivyo waliponiuliza. Mmoja alininyamazia muda mrefu, halafu akasema atampigia bibi yake. Kwa hiyo mama, mdogo wangu asiende kule kunyenyekea tu. Aende na shikamoo yake. Mama wa chini alipougua mafua, nilimpelekea uji wa mchele. Hakuna jirani mwingine aliyekwenda, na si kwamba hawakumpenda.


MamaNasra (Lindi)

Mungu akuzidishie mwanangu. Nimemwita kijana amesoma yote, amekaa kimya, sasa anafanya mazoezi ya zile herufi mbili kwenye daftari. La mwisho: zawadi gani nimfungie ya kuwapa mwalimu wake na hao majirani? Nilifikiria maembe na samaki wa kukausha na nyama kidogo ya kwake.


Bi_Msangamkuu (Mtwara)

Nyama hapana kabisa, hata iliyokaushwa, wanaikamata uwanja wa ndege. Maembe vilevile, mabichi kutoka kwetu yamepigwa marufuku kwa sababu ya nzi wa matunda. Fungia korosho, mama. Zilizobanguliwa na kukaangwa, nzima nzima, chumvi kidogo, pakiti zilizofungwa vizuri kiwandani. Usiweke gunia moja; weka pakiti ndogo ndogo nyingi, kwa sababu kule zawadi inagawiwa kila mtu yake, anaiweka mezani kwake maabara. Mwalimu apate yake kubwa kidogo, aipokee kwa mikono miwili na kijana ampe kwa mikono miwili.

Na kanga mbili. Moja ya mama mwenye nyumba, nyingine abaki nayo. Akifika aniandikie humu, nitamwelekeza duka la mitumba lililo karibu na chuo na siku ambazo mtaa ule wanachukua makopo.


MamaNasra (Lindi)

Korosho zipo, kesho naenda kuchagua. Kanga nitatafuta ya rangi ya bahari.